Namba ya Muda ya Marehemu

Mimi naitwa Gati, kwetu ni Kisaka, na mume wangu alikuwa mwanamke. Nalisema mapema kabisa ili asiyeweza kuvumilia aende zake akachunge. Kwetu si kioja. Rhobi alifiwa na mume wake, Mwikwabe, kabla hajapata mtoto wa kiume. Alikuwa na binti mmoja tu, Agustina, na Agustina alipoolewa huko ng'ambo ya Sirari, upande wa Kenya, ng'ombe wakaja wengi. Rhobi hakuwachezea. Akatenga baadhi yao, akaja nao Kisaka kwa baba yangu, akanioa mimi ili niizalie watoto nyumba ya Mwikwabe isije ikafa. Ndiyo wanaita nyumba ntobhu. Watoto wangu wakawa watoto wa Mwikwabe, mtu ambaye sikuwahi kumtia machoni. Rhobi nilimwita mama, kwa heshima, ingawa ndiye aliyenitolea mahari.

Ng'ombe waliobaki wakazaana vizuri, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Ng'ombe wakizidi Tarime, usingizi unapungua. Ulikuwa mwaka wa Operesheni, tumehamishwa kutoka kwenye miji yetu ya zamani na kupangwa mistari kama mahindi kwenye kijiji kipya, na zizi langu na zizi la jirani vinapumuliana. Wezi wa mifugo walifurahi kuliko serikali. Zamani walitembea porini kutafuta zizi, sasa wamepangiwa.

Rhobi akakaa, akawaza, akasema anataka mali iliyoandikwa jina. "Ng'ombe akiibwa," aliniambia, "kesho kila mtu anasema ni wake. Gari lina namba. Hata ukilipeleka wapi, namba inasema mwenyewe nani." Nilimwambia gari halizai. Akanijibu kwamba halitekwi na mikuki pia, na nikamkubalia, maana mwezi ule tulikuwa tumemzika kijana mmoja aliyefuata nyayo za ng'ombe wa baba yake.

Basi mume wa Agustina akamtafutia pikapu kwa mwenye duka mmoja Migori aliyekuwa anafunga biashara. Peugeot, rangi ya maziwa yaliyoganda, mlango mmoja unafunguka kwa ndani tu. Rhobi akauza zizi zima, akabakiza ng'ombe wa maziwa ya watoto. Zizi zima, nasema. Kila kitu tulichokuwa nacho kikaingia kwenye gari lile, na ufunguo wake Rhobi akaufunga kwenye pindo la kanga.

Alikwenda kulichukua na Mniko, kijana wa jirani yetu aliyewahi kuendesha malori ya pamba. Walipofika mpakani wakaambiwa gari limenunuliwa nje, haliwezi kuingia hivi hivi. Litapewa namba ya muda, wiki mbili, na ndani ya wiki hizo mwenyewe afike ofisini Bomani aliandikishe. Yule bwana wa mpakani akauliza jina la mwenye gari. Rhobi akajibu, "Mwikwabe."

Msimshangae. Angesema nani? Ng'ombe walikuwa wa Mwikwabe, watoto wa Mwikwabe, mimi mke wa nyumba ya Mwikwabe. Mwanamke wa Kikurya wa rika lake hasimami mbele ya wanaume akasema mali ya nyumba ni yangu mimi. Yule bwana akauliza, huyo Mwikwabe yuko wapi. Rhobi akasema, "Hayupo." Yule bwana akafikiri amekwenda sokoni. Akagonga muhuri.

Ndivyo gari letu lilivyofika nyumbani na karatasi iliyobandikwa kwenye kioo, ikisema ni mali ya mtu aliyekufa kabla sijaota meno ya ukubwani.

Mimi nilisoma mpaka darasa la saba, kwa hiyo nikawasomea watu wa nyumba karatasi ile. Ilisema gari lenye namba ya muda lisibebe mzigo. Lisibebe abiria. Ndani awemo dereva na mwenye gari tu, au mtu mmoja badala yake ikiwa mwenyewe hayupo. Lisitoke ila kwenda kuandikishwa. Wiki mbili zikipita halijaandikishwa, litashikwa na kuwekwa kituoni mpaka ijulikane ni la nani. Rhobi akaniomba nisome tena. Nikasoma. Akaamini kila neno, na kuanzia saa ile hakuna kuku aliyeruhusiwa kupanda lile gari. Mwenyekiti wa kijiji alikuja kuomba limpelekee mbegu za kijiji, akafukuzwa na karatasi. Siku hizo mwenyekiti wa kijiji hakufukuzwa na mtu, ila karatasi ilikuwa na muhuri, akaiheshimu.

Aliyeisoma kwa makini kuliko wote ni Nashoni.

Nashoni alikuwa mdogo wake marehemu Mwikwabe, na alikuwa mjumbe wa nyumba kumi. Bila barua yake huendi ofisi yoyote, hupati hata sukari ya ushirika. Tangu kaka yake afe alitaka kumrithi Rhobi, Rhobi akakataa. Kunioa mimi ndiko kulikomkatia njia, maana nyumba ikipata wana haina haja ya mrithi. Nashoni hakusahau. Akaja, akasimama mbele ya gari mikono nyuma, akasoma jina la kaka yake kwenye kioo, akasogeza macho karibu akasoma tena.

"Shemeji," akasema, "umefanya vizuri kumwandika kaka. Maana mali ya kaka njia yake inajulikana."

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe Gati usiwe na wasiwasi. Nikimpokelea kaka gari lake, nitampokelea na nyumba yake. Sitabagua."

Alikuwa na wake wawili tayari. Nilielewa vizuri sana ananiambia nini. Gari likienda kwa Nashoni kama mali ya Mwikwabe, na sisi tuliobaki wote tunakwenda kama mali ya Mwikwabe, mimi nikiwa wa kwanza, na watoto nyuma. Siku ile sikula. Nilikuwa naogopa, na hasira yenyewe ilikuwa kubwa kuliko woga, ila huwezi kumpiga mjumbe.

Tuliomba barua ya utambulisho, Nashoni akasema karatasi zimekwisha. Tukaomba tena, akasema muhuri umekauka. Wiki ya pili ikawa inaelekea mwisho. Ijumaa, siku ya mwisho kabisa, Rhobi akasema tunakwenda Bomani bila barua, na mimi niende, maana Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia maziwa tu.

Sasa angalieni jambo lenyewe. Karatasi inasema dereva na mtu mmoja. Mniko akiwa dereva, Rhobi ndiye mtu mmoja. Mimi nikawa abiria.

"Wewe utatembea," Rhobi akasema.

"Mama, ni mwendo wa asubuhi nzima."

"Ndiyo maana tunaondoka mapema."

Nikatembea. Nilikuwa na mtoto wa mwisho mgongoni, na yeye nadhani alihesabiwa mzigo. Mniko akaendesha polepole ili nisiachwe, mimi nyuma nakula vumbi, na watu shambani wanasimamisha majembe kutazama mwanamke anayesindikiza gari. Mwingine akaniuliza kama limeharibika. Nikamjibu kwamba gari ni zima, ni la muda tu. Akarudi kwenye jembe lake.

Ofisini tulimkuta Nashoni ameshakaa kwenye benchi, amevaa koti. Amekuja na barua. Karatasi zilikuwa zimepatikana na muhuri umelowa.

Karani wa pale alikuwa kijana mmoja anaitwa Simioni, mtu wa Mbalibali, mpole, shati limenyooshwa. Alitusikiliza wote bila kumkatiza mtu na hilo nampa. Alimwamkia Rhobi shikamoo, akaisoma karatasi ya kioo, akamuuliza kwa Kiswahili mwenye gari ni nani.

Nikamtafsiria Rhobi. Rhobi akajibu kwa Kikurya, nikatafsiri, "Mwikwabe."

"Yuko wapi?"

"Hayupo."

"Hayupo hapa, au hayupo?"

Nikamuuliza Rhobi. Akafikiri. "Mwambie yuko kwenye mji wetu wa zamani, kando ya zizi."

Nikasema hivyo hivyo. Simioni akaandika kitu. "Basi aje," akasema. "Nitawasubiri mpaka saa ya kufunga."

Nashoni akakohoa kutoka kwenye benchi. "Ndugu karani, kaka yangu amezikwa kando ya zizi. Ndilo wanalosema. Mimi ni mdogo wake na ni mjumbe, na barua hii hapa."

Simioni akaweka kalamu chini. Akatuambia kwa upole kwamba marehemu hawezi kumiliki gari. Rhobi aliponisikia nikitafsiri akauliza, mbona anamiliki ng'ombe? Simioni akajibu kwamba ng'ombe hawako chini ya ofisi yake.

Kisha akaeleza utaratibu wake, na alieleza mara moja tu, kama mtu anayesoma ukutani. Jina la mpakani litafutwa, liandikwe la mtu aliye hai wa nyumba ile ile. Akiwa mwanamume, sawa. Akiwa mjane, awe na barua ya mjumbe wake inayosema mali ni yake. Akiwa mke wa mtu, mume wake awepo aridhie. Kwanza lakini, mjane mwenyewe aseme kwa kinywa chake kwamba mume amekufa, maana hawezi kumfuta mtu kwenye karatasi kwa kusikia tu.

Nilimtafsiria Rhobi yote isipokuwa la mwisho. La mwisho nililimeza kidogo. Sijawahi kumsikia Rhobi akisema Mwikwabe amekufa. Siku zote ni hayupo. Nyumba yetu nzima ilisimama juu ya neno lile. Mimi nililetwa kwa sababu hayupo, si kwa sababu amekufa. Mtu aliyekufa haendelei kupata watoto.

"Kuna lingine amesema," Rhobi akaniambia. "Nimemwona mdomo."

Nikamwambia.

Nje Mniko alikuwa anapangusa kioo kwa shati lake. Rhobi akafungua pindo la kanga, akaushika ufunguo, akaangalia ukutani. Akasema kwa Kiswahili, kile chake cha maziwa, ili asipite kwangu. "Mwikwabe alikufa. Zamani."

Simioni akapiga mstari juu ya jina.

Nashoni akasimama, akavuta koti. "Sasa tumemaliza. Shemeji ni mjane, na mjumbe wake ni mimi, na mimi barua ya kumpa sina. Barua niliyonayo inasema mali ni yangu. Andika Nashoni."

Simioni akatutazama. Nilimwona hataki, lakini mkono wake ulishachukua kalamu. Utaratibu ni utaratibu. Kwa kweli pale mimi nilikwisha. Nikaanza kumfunga mtoto vizuri mgongoni, maana sikujua kwingine pa kuweka mikono.

Rhobi akanigusa. "Muulize Nashoni," akasema kwa Kikurya, "ng'ombe walioingia Kisaka kwa baba yako, nani aliwaongoza?"

Nikauliza. Mbele ya karani ilikuwa swali la kijinga, na Nashoni alilipenda, maana lilimhusu yeye. Akasema ni yeye. Akasema kaka hayupo, ukoo unasimamiwa na nani? Yeye ndiye aliyeongoza ng'ombe, yeye ndiye aliyeketi na baba yangu, na beberu wa ushahidi alipochinjwa, yeye ndiye aliyekula nyama ya kifua kama inavyostahili. Kila mtu Kisaka anajua.

"Muulize, walikuwa ng'ombe wa kumuoa nani?"

"Wa kumuoa huyu," Nashoni akamwambia karani, akinionyesha mimi kwa kidevu.

"Na aliyeoa ni nani?"

"Si ni yeye Rhobi? Nyumba ntobhu. Ndugu karani, wewe ni mtu wa Mbalibali, unaijua. Nilishuhudia mwenyewe, hakuna wa kuipinga ndoa ile." Aliitetea ndoa yetu vizuri kuliko mchungaji. Ukimpa Nashoni nafasi ya kusema alikuwepo, hawezi kuiacha ipite.

Rhobi akageuka kwangu. Akasema sentensi moja kwa Kikurya, polepole, akasubiri nitafsiri.

Sikutafsiri. Nilimwangalia tu. Nilikuwa nimetafsiri asubuhi nzima, maneno ya wanaume na ya marehemu na ya ng'ombe, na lile likanishinda. Karani akasubiri. Nashoni akasubiri.

"Usijisumbue, dada," Simioni akasema. "Nimeelewa, Kikurya nakisikia. Amesema mwandike Gati, mume wake yupo na ameridhia."

Nashoni akafungua mdomo. Simioni akamuuliza kwa heshima kabisa kama kuna sehemu ya ushahidi wake anataka kuibadilisha, kwa sababu ameshaiandika na ni ushahidi wa mjumbe. Nashoni akasema mwanamke hawezi kuwa mume kwenye karatasi ya serikali. Simioni akasema karatasi inauliza jina la mume, haiulizi zaidi ya hapo. Akaandika. Akanigeuzia karatasi nisome kama ni sahihi, na ilikuwa sahihi: Mwenye gari, Gati. Mume, Rhobi. Rhobi akabonyeza dole gumba kwenye wino, akalibonyeza pale palipoandikwa mume, kwa nguvu sana, hata karani akamwambia mama inatosha.

Nashoni akachukua barua yake akaikunja, akaikunja tena, akaiweka kwenye koti. Akatuaga vizuri. Lazima niseme hakuwa mtu wa fujo. Alikuwa na njaa ya mali tu, kama wengi wanaovaa koti wakati wa jua.

Nilifikiri tumemaliza. Simioni akasema namba zenyewe za kudumu zinatoka mbali, zitachukua muda, na kwa sasa atatupa karatasi nyingine ya muda, yenye jina langu. Masharti ni yale yale. Akapiga muhuri, akatoka nje yeye mwenyewe, akaibandika kwenye kioo, jina la Mwikwabe akalibandua na kucha.

Mniko akawasha gari. Nikapitisha mkono dirishani, nikamfungulia Rhobi mlango ule unaofunguka kwa ndani, nikamwambia mama panda.

Rhobi hakupanda. "Inasema nini?" akauliza, akionyesha karatasi.

"Yale yale ya kwanza."

"Dereva na mwenye gari."

"Au mtu badala yake."

"Ikiwa mwenyewe hayupo," akasema. "Wewe upo. Panda."

Nilibishana. Nilimwambia ni mzee, ni mwendo wa mpaka jioni, hakuna askari anayejali. Akaniambia tumeteseka wiki mbili kwa sababu ya mtu aliyeandikwa halafu hayupo, na sasa aliyeandikwa yupo na atakaa kwenye kiti chake. Rhobi akishasema hivyo hata ng'ombe walikuwa wanaelewa. Nikapanda na mtoto wangu. Mniko akaondoa gari.

Gari lile lilikuwa na kioo kidogo pembeni. Nikatazama. Mume wangu alikuwa nyuma kwenye vumbi, kanga kajifunika mdomoni, miguu yake ile myembamba inaenda haraka haraka ili asiachwe. Aliuza zizi zima. Alimtoa Mwikwabe kinywani mwake mbele ya watu. Halafu yeye ndiye anayetembea.

Miaka yote niliyokaa pale nilijihesabu kama kitu kilicholetwa. Nililetwa na ng'ombe, nizae, na siku nyumba ikijaa watoto sijui ningekuwa nani. Sikuwahi kumwambia mtu. Nililima, nilizaa, nilipika, nikingoja aje mtu aseme basi, kazi yako imekwisha. Nilikuwa nangoja aseme Rhobi, na nilimchukia kidogo kwa hilo kabla hajalisema.

"Simamisha," nikamwambia Mniko.

"Sheria inasema..."

"Mura, kijana wangu, mwenye gari ni nani?"

Akasimamisha. Nikashuka na mtoto, nikarudi nyuma, nikampa Rhobi mkono. Akaanza kunigombeza kwamba gari litakwenda bila mwenyewe, tutashikwa. Nikamwambia mwenyewe yupo, anatembea, hakuna palipoandikwa kwamba asitembee. Akafikiri akaona kweli hapakuandikwa. Mniko akatangulia na gari tupu, polepole, anapigia honi mbuzi, na watu wa shambani wakasimamisha majembe tena. Sasa tulikuwa wawili tunaolisindikiza.

Tulitembea hivyo mpaka tukaingia bondeni. Kisha Rhobi akasema, bila kunitazama, "Sasa ukiondoka, unaondoka na zizi lote."

"Siondoki."

"Nasema tu. Ujue kwamba najua."

Hapo nikalia. Nililia wazi kabisa, njia nzima ya bonde lile, mtoto mgongoni akashangaa.

"Unalia nini?" akaniuliza.

"Vumbi la gari, mama."

"Gari la nani?"

"Langu," nikamwambia.

Akaridhika, akaniambia nijifunike mdomo, tukaendelea kutembea.